Kambi ya Mlimani Nayo ni Darasa: Tusiwanyime Vijana Wetu



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola aliyeitandaza ardhi na kuikita milima juu yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba wake na kila anayefuata mwenendo wao hadi siku ya Kiyama. Amma baad.

Wazazi wetu watukufu, walimu wetu, na nyinyi wanafunzi wa madrasa yetu hapa Bagara. Katika kikao cha wazazi kilichopita ilitolewa hoja ya kuwapeleka wanafunzi kambi ya siku tatu chini ya Mlima Kwaraha wakati wa likizo ya Juni. Ilijadiliwa kwa muda mfupi kisha ikawekwa kando. Waliopinga walisema mambo manne. Kwanza, kupiga kambi si dini bali ni mambo ya watalii. Pili, mlima ni hatari, hasa baada ya yaliyotokea Hanang. Tatu, mabinti hawawezi kwenda. Nne, fedha hizo ni afadhali zinunuliwe misahafu na mikeka.

Waliosema hayo ni watu wenye nia njema na wenye kuwapenda watoto, kwa hiyo maneno yao hayafai kupuuzwa. Lakini pia hayafai kuachwa bila jibu, kwani hoja hii itarudi tena kikaoni. Rai yangu ni kwamba tukiikataa mara ya pili tutakuwa tumewanyima vijana wetu kitu ambacho hatuna kingine cha kuwapa badala yake.

LIKIZO INAWAPELEKA WAPI?

Tuitazame hali yetu kama ilivyo. Mtoto wa hapa kwetu anaanza kusoma alifu-be-te akiwa na miaka mitano au sita. Anakwenda vizuri, anahifadhi sura fupi, anajifunza udhu na sala, na siku ya Maulidi anasimama mbele ya watu wazazi wakafurahi. Akifikisha miaka 13 au 14 huanza kupungua. Mara ana masomo ya ziada, mara anaumwa, mara kaonekana stendi. Ukihesabu vichwa katika darasa la wakubwa, hasa upande wa wavulana, utaona mwenyewe ni wangapi waliobaki kati ya wale walioanza pamoja.

Likizo ndiyo inayomaliza kazi hiyo. Mji wetu uko njia panda. Mabasi ya Arusha, Dodoma na Singida yote yanapita hapa. Kijana asiye na kazi ya kufanya kwa mwezi mzima hakosi pa kwenda: kuna stendi, kuna vibanda umiza, kuna meza za pool, na kuna simu ambayo haihitaji hata atoke chumbani. Sisi wazazi tunalalamika. Lakini tukijiuliza tumemwandalia nini badala ya hayo, jibu letu ni moja tu: akae nyumbani, awe na adabu. Kijana wa miaka 14 hawezi kukaa nyumbani mwezi mzima akatazama ukuta. Nguvu alizonazo ni neema ya Mwenyezi Mungu, na nguvu isipopewa njia nzuri hujitafutia njia yake.

Kijana wa umri huu hapendi kukalishwa tu mkekani akasomeshwa. Anataka kujaribiwa, anataka aonekane kuwa ni mtu, anataka rafiki na anataka jambo la kusimulia. Wenzetu walioyajua hayo zamani wamejenga skauti na makambi ya vijana kila mahali. Sisi tunao mlima nje ya mlango wetu na hatujautumia.

JE, KUPIGA KAMBI SI KATIKA DINI?

Anayesema mahema ni mambo ya Wazungu akumbuke nguzo ya tano ya Uislamu. Hija ni nini kama si kambi kubwa? Mwezi 8 Dhul Hijja mahujaji wanakwenda Mina na kulala katika mahema. Mwezi 9 wanasimama Arafa tangu mchana hadi jua kuchwa. Usiku wake wanalala Muzdalifa uwanjani, wengi juu ya mkeka tu chini ya nyota, na hapo wanaokota vijiwe vya kurushia. Tajiri na maskini, waziri na mkulima, wote wanalala chini. Wazee wetu waliojaaliwa kwenda Hija watakuambia kwamba kilichowasumbua zaidi si ibada yenyewe bali ni mambo madogo: kulala mahali pagumu, kupanga foleni ya choo, kutembea mwendo mrefu, kugawana nafasi na mtu usiyemjua bila kugombana. Mtoto aliyeyazoea hayo akiwa na miaka 13 amekwisha kuianza safari yake ya Hija.

Tuangalie pia sira ya Mtume wetu (s.a.w.). Kabla ya utume alikuwa akipanda Jabal Nur na kukaa katika pango la Hiraa siku kadhaa akifanya ibada. Alichukua masurufu yake, na yakimwishia alirudi kwa Bibi Khadija (r.a.) kuchukua mengine. Ni humo pangoni, si katika jumba, ambamo wahyi ulimjia akiwa na umri wa miaka 40. Alipohama Makka alijificha siku tatu katika pango la Thaur pamoja na Sayyidna Abubakar (r.a.). Na katika ujana wake alichunga mbuzi na kondoo wa watu wa Makka, akatufahamisha kwamba hapana Nabii ambaye hakuchunga. Nabii Mussa (a.s.) naye alipewa maneno na Mola wake katika mlima wa Tur.

Hapa niwape wanafunzi jambo la kufikiria. Kilele cha Jabal Nur kiko mita 640 hivi kutoka usawa wa bahari. Mji wetu wa Babati uko zaidi ya mita 1,300. Kwa hiyo hapa tulipo, kabla hatujainua mguu kupanda chochote, tuko juu kuliko pango la Hiraa! Na mlima wetu Kwaraha unafika mita 2,415. Mwenyezi Mungu ametupa mlima mkubwa, na watoto wengi wa Bagara wanamaliza shule wakiwa wameuona kila asubuhi na hawajawahi kuukanyaga.

Tena Qur'ani yenyewe inatuamrisha kutazama. Katika Suratul Ghashiya tunaulizwa kama hatuangalii jinsi ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, tunaambiwa tutembee katika ardhi tuone namna Mola alivyoanzisha viumbe. Watoto wetu wanazisoma aya hizi kwa tajwidi nzuri. Tuwape basi nafasi ya kuzifanyia kazi.

FIKHI INAYOSOMWA KWA MIGUU

Wengine watasema: sawa, lakini huko mlimani watasoma nini? Mimi nasema watasoma mambo ambayo ubaoni hayaingii vizuri.

Mosi, kibla. Mtoto wa Bagara anajua kibla kwa sababu anajua msikiti umeelekea wapi. Mtoe nje ya mji umuulize, atababaika. Kambini atafundishwa kwamba kutoka kwetu Makka iko karibu kaskazini kabisa, ikipinda kidogo tu kuelekea mashariki. Asubuhi akisimama jua linalochomoza likawa mkono wake wa kulia, atakuwa ametazama kaskazini. Jambo hilo akilifanya mwenyewe mara moja hatalisahau.

Pili, sala ya safari. Je, tukienda Kwaraha tunapunguza sala? Vijana wengi watajibu ndiyo kwa sababu wanaona wamelala nje. Jibu ni hapana. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wanaukadiria umbali wa kupunguza sala kuwa kilomita 80 na ushei, na Kwaraha uko pembeni mwa mji. Basi sala ni kamili, na kila moja kwa wakati wake.

Tatu, tayamamu. Kambini kuna dumu la maji na kuna kuni, kwa hiyo kijana atajua kwamba baridi ya alfajiri si udhuru madamu sufuria ipo na maji yanaweza kupashwa moto. Wakati huohuo mwalimu atawaonyesha namna ya kutayamamu kwa ajili ya siku watakayokosa maji kweli.

Nne, adabu za safari. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wasafiri wakiwa watatu wamchague mmoja wao awe amiri. Ametukataza kulala usiku juu ya njia, kwa kuwa ni mapito ya wanyama na wadudu wenye madhara. Ametuamrisha kuzima moto kabla ya kulala. Ameonya dhidi ya kujisaidia njiani, kwenye kivuli wanachopumzikia watu na kwenye maji. Kuna dua ya kusoma mtu anapotua mahali. Na Jabir bin Abdullah (r.a.) amesimulia kwamba maswahaba walipopanda mahali pa juu walileta takbira na walipoteremka walileta tasbihi. Haya yote yamo katika vitabu vyetu. Lakini mtoto anayeishi mjini atayatumia wapi?

Tano, utii. Kila mwanafunzi ameisoma habari ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Wapiga mishale 50 waliwekwa juu ya kilima chini ya uongozi wa Abdullah bin Jubayr (r.a.), wakaamrishwa wasiondoke. Wengi wao walipoona ushindi na ngawira wakateremka, adui akazunguka nyuma, na Waislamu 70 wakafa mashahidi. Kijana akipewa zamu ya kulinda moto au mizigo saa tisa za usiku, na usingizi ukamshika na wenzake wamelala, hapo ndipo atakapofahamu uzito wa neno "usiondoke mahali pako".

MLIMA NI HATARI?

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na mzazi anayeitoa ana haki yake. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikateremka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha katika mkoa wetu huu wa Manyara. Wengi wetu tuliwajua watu waliopoteza jamaa au mali. Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki na awape subira waliobaki. Hakuna mtu wa Babati anayeweza kuzungumzia milima tena kana kwamba hayo hayakutokea.

Lakini tutazame vizuri msiba ule unatufundisha nini. Wengi katika waliokufa hawakuwa watu waliopanda mlima kutalii. Walikuwa majumbani na sokoni, wakiishi chini yake kama sisi tunavyoishi chini ya Kwaraha. Kutoupanda mlima hakumwepushi mtu nao. Kinachosaidia ni kuujua: maji yake yanapita wapi, korongo lipi hujaa mvua ikinyesha, na mahali gani pasijengwe wala kulaliwa. Mtoto anayefundishwa kutopiga hema kwenye mkondo wa maji atakuwa mtu mzima asiyejenga nyumba kwenye mkondo wa maji. Elimu hii tunaihitaji zaidi baada ya 2023, si kwa uchache.

Tena hatari nyingi zina dawa, na dawa yake ni kujiandaa. Ninapendekeza masharti haya yawe ya lazima:

1. Kambi iwe Juni au Julai, wakati wa kiangazi. Tusiende kabisa kati ya Novemba na Mei, miezi ya mvua, hata kama likizo ya Desemba ni ndefu.

2. Kwaraha ni msitu wa hifadhi na una wanyama pori. Asiingie mtu bila idhini ya ofisi ya misitu na bila mwongozaji wa mahali pale anayeijua njia.

3. Kupanda hadi kileleni ni kazi ya siku nzima hata kwa mtu mzima. Watoto walio chini ya miaka 13 watembee chini na pembeni ya mlima tu. Wakubwa waondoke mara baada ya sala ya alfajiri. Ikifika saa sita mchana, popote walipofika, wageuze. Kilele si faradhi.

4. Kila mtoto awe na sweta, blanketi, kofia na viatu vya kufunga. Asipande mtu na yeboyebo. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kiasi cha nyuzi 6, na usiku wa Julai chini ya mlima baridi yake tunaijua.

5. Asipike mtu ndani ya hema wala asiingize jiko la mkaa ndani kwa ajili ya kuota. Mwaka 1997 moto ulizuka katika mahema ya Mina, mahujaji zaidi ya 300 wakafariki. Baada ya hapo mahema ya pale yalibadilishwa yakawekwa yasiyoshika moto kirahisi. Na mkaa hata usipounguza hema, moshi wake usioonekana huua watu usingizini.

6. Watu wazima wasiwe chini ya mmoja kwa kila watoto wanane, na gari moja libaki kambini usiku na mchana.

Kuhusu mwongozaji, nimesikia mtu akiuliza: je, tutawakabidhi watoto wetu kwa mtu asiye Muislamu? Watu wanaoujua mlima ule vizuri ni Wagorowa, wenyeji wa hapa, na baadhi yao si Waislamu. Jibu liko katika Hijra yenyewe. Mtume (s.a.w.) na Sayyidna Abubakar (r.a.) walipotoka pango la Thaur kwenda Madina, waliyemwajiri awaonyeshe njia alikuwa Abdullah bin Urayqit, naye wakati huo alikuwa bado katika dini ya makureshi. Walimwamini kwa uaminifu wake na ujuzi wake wa njia. Walimu wa dini watakuwepo kwa ajili ya dini, na mwongozaji atakuwepo kwa ajili ya njia. Zaidi ya hayo, vijana wetu watajifunza kuishi kwa heshima na jirani zao, na huo nao ni Uislamu.

NA MABINTI ZETU?

Hapa ndipo ninapotofautiana hata na baadhi ya wanaoiunga mkono kambi. Wao wanasema wavulana waende, wasichana watapewa siku ya kupika. Mimi naona hiyo si haki.

Tusichanganye mambo. Hakuna anayetaka wavulana na wasichana wawe kambi moja, na mwanamke kusafiri bila maharimu ni suala lenye hukumu zake ambazo masheikh wetu watatuongoza. Lakini kutembea chini ya Kwaraha na kurudi kabla ya magharibi, wakiwa na walimu wa kike na mama zao, hiyo ni kutoka Bagara kwenda pembezoni mwa Bagara. Binti huyohuyo tunamtuma kisimani, shambani na sokoni. Tunamruhusu kubeba ndoo mlima na bonde. Iweje akitaka kupanda mlima bila ndoo kichwani tuseme ni mwanamke?

Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, mara ya kwanza akamshinda, na baadaye naye akashindwa. Asmaa binti Abubakar (r.a.) ndiye aliyekata mshipi wake wa kiunoni ili afunge chakula cha wale wawili waliokuwa pangoni Thaur, na kwa hilo akaitwa mwenye mishipi miwili. Hawa ndio wanawake tunaowataja katika kila Maulidi.

Pendekezo langu: wasichana wawe na siku zao mbili za matembezi, moja ya mlimani na moja ya ziwani. Usiku walale katika majengo ya madrasa chini ya uangalizi wa walimu wa kike, na hapo wawe na darasa lao, mashindano yao ya kuhifadhi na karamu yao. Mavazi yawe ya stara na ya kutembelea, viatu vya kufunga na suruali pana chini ya baibui fupi. Mama anayehofu aje mwenyewe. Pengine naye hajawahi kuutazama mji wa Babati kutoka juu.

FEDHA ZITATOKA WAPI?

Misahafu ni muhimu, mikeka ni muhimu. Lakini hesabu ya kambi si kubwa kama inavyodhaniwa. Hatuendi hotelini. Maturubai mawili ya kukodi, kamba, na mahema machache ya kuazima yanatosha. Kila mtoto alete kutoka kwao kilo moja ya mchele au unga, na kopo la mbaazi au maharage. Mbaazi hapa kwetu hatuna haja ya kuzitafuta mbali. Sufuria za shughuli za madrasa zipo. Kitakachohitaji fedha ni usafiri wa mizigo, kibali, ujira wa mwongozaji na sanduku la huduma ya kwanza.

La msingi ni hili: asibaki mtoto kwa sababu ya umaskini. Mchango ukusanywe kwa siri, kila mzazi atoe anachoweza, na aliye yatima aandikwe wa kwanza. Kambi watakayokwenda watoto wa wenye maduka peke yao ni bora isifanyike. Tena vyakula viwekwe pamoja vikapikwe chungu kimoja. Mtoto aliyeleta biskuti za bei azigawe au aziache nyumbani. Hivyo ndivyo watakavyojifunza yale ya Mina ya kuwa wote sawa.

MLIMA NI AMANA YETU

Kuna faida nyingine ambayo sijaisikia ikisemwa. Maji tunayotawadhia hapa yana uhusiano na msitu ule. Msitu ndio unaoyanywa maji ya mvua na kuyaachia polepole. Ukikatwa, mvua inateremka yote kwa pamoja, ikichukua udongo na kuutia ziwani. Wazee wanakumbuka mwaka 1990, Ziwa Babati lilipofurika na kuingia mjini. Na tusisahau kwamba katika wilaya yetu, kwenye msitu wa Duru-Haitemba, wanavijiji wa vijiji vinane walikabidhiwa ulinzi wa msitu wao katikati ya miaka ya 1990, wakawa mfano ambao wageni kutoka nchi nyingi walikuja kujifunza. Waliweza kwa sababu waliujua msitu wao na kuupenda.

Mtume (s.a.w.) alisema juu ya Uhud kwamba ni mlima unaotupenda nasi tunaupenda. Basi tujiulize: mtoto atapendaje mlima ambao ameambiwa tu kwamba una baridi na wanyama? Kambi yetu iwe na saa moja kila siku ya kuokota taka, na kila kijana apande mti mmoja nyumbani akirudi. Tumefundishwa kwamba mti anaoupanda Muislamu, akila mtu, mnyama au ndege, ni sadaka kwake.

NASAHA KWA WANAFUNZI

Nanyi vijana, msije mkadhani kwamba kambi ni mapumziko ya kulala na kucheza. Mtaamka kabla ya jua, mtachota maji, mtakata kuni zilizokauka tu, mtaosha sufuria zenye masizi. Miguu itauma. Simu zitabaki kwa wazazi wenu, na itabaki moja tu ya mwalimu kwa dharura. Atakayechoka njiani asichekwe, abebewe mzigo wake. Mwenye nguvu atembee nyuma na wa mwisho, si mbele peke yake. Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na wote wawili wana kheri. Hayo ni mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.). Nguvu hiyo mnayo. Ithibitisheni kwa adabu zenu mwaka mzima, ili wazazi wenu wasiwe na sababu ya kusema hapana.

Nanyi wazazi, ninawaombeni jambo moja tu. Kikao kijacho hoja hii ikitolewa, tusiiweke kando. Iundwe kamati ya watu watano, wawili wawe akina mama, iende Kwaraha mapema, ikazungumze na ofisi ya misitu, ikachague mahali, kisha ituletee hesabu. Tukishaona hesabu na masharti, tuamue. Kama bado tutaona haifai, basi angalau tuwaambie vijana wetu ni kitu gani kingine tumewaandalia kwa likizo ya Juni.

Ewe Mola wetu, wahifadhi watoto wetu, waimarishe katika dini yako, wape miili yenye afya na nyoyo zenye kukukumbuka wakipanda na wakishuka. Warehemu waliotangulia katika msiba wa Hanang, na uijaalie nchi yetu amani na mvua ya kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.